Wifi Alipotia Maji Kwenye Kompyuta

Nikimwambia mteja angoje kidogo, nimpigie wifi kwanza, anatoa simu yake na kuniomba nywila. Nimechoka kueleza. Wifi yangu ni mtu. Ni dada wa mume wangu, anatengeneza kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake huku Nyakato, na kama kuna mwingine hapa Musoma mwenye mikono kama yake, mimi sijakutana naye. Nasema haya mapema ili msomaji asitegemee nimwandike kwa haki. Nampenda na ninamwonea wivu, na vyote viwili vitaonekana.

Kazi yangu mimi ni video. Harusi, kipaimara, kumuaga bibi harusi, misiba ya watu wenye uwezo. Kompyuta yangu ni ndogo, kaboksi kanakoingia kwenye begi la mgongoni, kwa sababu huwa nahariri palepale shereheni, wageni waone vipande kabla hawajatawanyika. Udogo huo ulikuwa fahari yangu, na ndio ulionitesa. Ndani hakuna pa hewa kupita. Kazi ikiwa nzito joto linapanda, feni inapiga kelele, halafu kitu kinajizima chenyewe. Mara ya kwanza kilinizimikia Butiama, kwenye kipaimara, mbele ya skrini kubwa na ukoo mzima, na mama mmoja akauliza kwa sauti kama nimesahau kununua umeme.

Kwa sherehe ningevumilia. Wateja tumezoeana, wananisema, nami nawajibu. Lakini kulikuwa na filamu ya baba mkwe.

Baba mkwe ni fundi wa mitumbwi Kibara. Jicho lake moja lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, na la pili daktari alisema dawa zitalichelewesha tu. Mzee hakulalamika. Alisema anataka kujenga mtumbwi mmoja wa mwisho, na kabla jicho halijafunga ajione akiujenga, kwa sababu miaka yote hiyo, alisema, hajawahi kujiona akiwa kazini. Basi nikapewa kazi ya kurekodi. Nilirekodi tangu ubao wa kwanza hadi siku mtumbwi ulipoingia ziwani, kwa ubora wa juu kabisa ambao kamera yangu inaweza, maana jicho lile lilihitaji picha kali.

Kompyuta ikakataa. Kila nilipoiamuru itoe filamu nzima, ilifika mahali ikazima. Nikafungua ubavu wake nikaielekezea feni ya mezani. Nikailaza kwenye sakafu tupu. Nikapunguza ubora, ikatoka, tukampelekea mzee kwenye fleshi. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa televisheni.

"Naona ukungu tu, mama," akaniambia. "Huo mtumbwi uko wapi?"

Nilirudi Musoma nikiwa na hasira na kila kitu kinachotumia umeme. Kila mume wangu alipopiga simu Kibara, nilikuwa nasikiliza kwa pembeni nijue kama baba bado anatofautisha sura za watu. Siku moja nikasikia baba amempita jirani njiani bila kumsalimia, na jirani kanuna. Nikabeba kompyuta yangu nikaenda kuitua kwenye meza ya wifi.

Aliishika, akaiwasha, akaipa kazi nzito, akaweka kiganja juu yake kama anapima homa ya mtoto.

"Hii tunaitia maji," akasema.

"Maji wapi?"

"Ndani."

"Wifi, nimekuomba uiponye, sijakuomba uizamishe."

"Gari la bwana wako linapoozwaga na nini? Si rejeta? Sasa na hii tunaiwekea rejeta yake."

Akanieleza polepole, kwa sauti ile anayotumia kwa wateja waliomwagia simu soda. Juu ya kichwa cha kompyuta, pale panapochemka, unakaza kibamba cha shaba chenye vijia ndani yake. Maji yanapita kwenye vijia, yanachukua joto, yanatoka kwa mpira hadi kwenye rejeta ndogo, feni inayapuliza yapoe, na pampu inayarudisha tena. Mzunguko mmoja, hakuna pa kuanzia wala kuishia. Nilimwelewa, na kuelewa hakukunipunguzia woga hata chembe. Kazi zangu zote zilikuwa mle ndani, na filamu ya mzee ikiwemo. Nakala nilizihamishia kwenye diski nyingine, lakini kompyuta ya pili sikuwa nayo.

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Dar. Nilidhani akishavipokea ataanza kukaza skurubu. Wapi! Alichukua maboksi matupu ya sabuni, akakata mfano wa kila kifaa kwa kipimo chake: pampu ya karatasi, rejeta ya karatasi, hata feni. Akawa anavipanga ndani ya kaboksi kangu, anavitoa, anavipanga tena. Kwenye boksi kubwa mtu yeyote anaweza kufanya kazi hii, aliniambia, maana nafasi inakusamehe. Kwenye dogo, pampu ikikaa vizuri rejeta inakosa pa kupumulia, na rejeta ikikaa vizuri mpira unalazimika kukunja kona kali. Mpira ukikunjika maji yanasimama, na maji yakisimama umeua kompyuta.

Nilikuwa naenda kwake kila nikipata nafasi, nikijifanya nampelekea mboga au namuulizia watoto. Ukweli nilienda kutazama. Mimi nina moyo wa haraka, kitu kikinikatalia mara mbili nakipiga kofi. Yeye kikimkatalia anakiinamia zaidi, midomo imebana, na ukimsemesha anajibu baada ya muda, na jibu lenyewe si la swali lako. Diski aliihamishia nyuma ya ubao mkuu wa kompyuta, ambako sikujua kama kuna nafasi. Mpira wa kurudishia maji aliuzungusha njia ndefu, ukapita chini na kupanda ubavuni, ili usikunje kona hata moja. Ncha za mipira alizichovya kwenye maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai, zikalainika, akazisukuma kwenye viungio kwa kidole gumba. Hakuna ncha iliyorudiwa. Nilisimama pale na mchicha wangu mkononi nikasema moyoni, huyu mwanamke ni hatari.

Maji yenyewe yalikuwa na kesi yake. Mume wangu alituuliza kwa nini tuhangaike wakati tuna ziwa zima hapo chini. Wifi akamwambia maji ya ziwa yana uhai mwingi mno, baada ya muda mfupi atakuta ukijani kwenye mipira, na labda na furu mmoja anaogelea. Nikatumwa duka la vipuri vya magari kununua maji ya betri. Muuzaji akauliza ya asidi au ya kuongezea. Nilipiga simu kuhakikisha, nikaambiwa ya kuongezea, yale safi yasiyo na asidi, nikapiga tena nikiwa njiani, na chupa niliibeba nimenyoosha mkono mbali na nguo.

Siku ya kutia maji, kompyuta yenyewe haikuwashwa. Umeme uliruhusiwa kwenda kwenye pampu peke yake, kwa kipande cha waya alichounganisha kwenye plagi. Kwao Kibara, aliniambia, mtumbwi mpya haupelekwi ziwani kwanza. Unamwagiwa maji kwa ndani ukiwa nchi kavu, mnauzunguka nje mkitafuta unyevu. Ukivuja, uvuje nyumbani. Akafunga karatasi ya chooni kwenye kila kiungio, nyeupe, ili tone likitoka lionekane. Pampu ikanguruma, maji yakapanda kwenye mpira, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Karatasi zote zilibaki kavu isipokuwa moja, ya kiungio kilichokaa juu kabisa ya kadi ya picha. Ililowa kwenye pembe.

"Inavuja!" nikasema.

Wifi aliitazama, wala hakushtuka. "Iache. Itashiba."

Hilo ni neno la watu wa mitumbwi. Mbao zikikaa juani zinakauka na kuachana, na mtumbwi ukiwekwa majini unavuja mwanzoni. Fundi hahangaiki. Anauacha unywe. Mbao zinavimba, zinabanana, mianya inajifunga yenyewe, na hapo wanasema mtumbwi umeshiba. Wifi alikulia kwenye neno hilo. Basi akaweka karatasi mpya, tukanywa chai, tukazungumza habari za watu. Tulipogeuka karatasi ilikuwa imelowa yote na tone lilikuwa linaning'inia. Akaweka nyingine. Nayo ikalowa, haraka zaidi.

Nikawaka. Nilimwambia amekaa anangoja nini, kompyuta si mtumbwi, na kama anataka kuona kitu kinashiba anikaribishe chakula. Alinyanyua mkono nimwache. Aliinama akakiangalia kile kiungio muda mrefu, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

"Hivi wifi," akasema, akicheka mpaka machozi, "plastiki inashibaga?"

Nilijaribu kuendelea kukasirika nikashindwa. Tulicheka mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini, na hatukuweza kumweleza. Mtu anayeijua kompyuta mpaka mshipa wake wa mwisho alikuwa amekaa mbele yake akiisubiri ivimbe kama ubao.

Lakini nilichokipenda ni kilichofuata. Kwenye kaboksi kadogo hukifikii kiungio kimoja bila kung'oa vyote vilivyo mbele yake. Mimi ningetukana kwanza. Yeye alifuta machozi, akazima pampu, akamwaga maji, akaanza kung'oa: feni, rejeta, mipira, kimoja baada ya kimoja, akivipanga mezani kwa mpangilio wa kurudi. Alikuta mpira mdogo wa duara uliokaa ndani ya kiungio umebanwa upande na kukatika. Akaweka mwingine, akaupaka tone la maji uteleze, akajenga kila kitu upya kwa utulivu uleule wa mwanzo. Hakukaza kwa hasira, hakuruka hatua. Siku hiyo ndipo nilipoacha kusema ana kipaji. Kipaji kinamfanya mtu afanye vizuri mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimemwona akifanya mara ya pili.

Karatasi zikabaki kavu, kesho yake zikawa bado kavu. Kilichobaki kilikuwa hewa. Mapovu yalikuwa yamejificha kwenye rejeta na pampu ilikuwa inakoroma. Akaikumbatia kompyuta, akaiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto, akaitikisa taratibu kama mama anayemtoa mtoto gesi, na mapovu yakapanda moja moja. Pampu ikanyamaza. Tukaiwasha yote. Nikaiamuru itoe filamu ya baba, nzima, kwa ubora wake, na nikakaa na kidole mdomoni. Ilipita pale ilipokuwa inazimia. Ikaendelea. Wifi alikuwa ameshageukia simu ya mteja mwingine, anachokonoa tundu la chaji. Filamu ilipokamilika nilimkumbatia kwa nguvu hadi bisibisi ikamdondoka, akaniuliza kama nina wazimu.

Tulienda Kibara sisi wawili, na kompyuta yenyewe, kwa sababu sikuwa na imani tena na fleshi. Mume wangu alikuwa ametangulia na kupeleka televisheni kubwa aliyoiazima Bunda. Baba alisogezewa kiti karibu kabisa na kioo, wifi akakaa chini pembeni yake. Mimi kwa heshima ya mkwe nilikaa mlangoni.

Tukaona kichwa chake kinafuata: ubao ukipita kushoto, kinapita nacho. Halafu akaanza kutaja anachokiona, msumeno, randa, mstari wa misumari, na kila alichokitaja kilikuwepo kweli. Mume wangu alitoka nje. Nilijua anakwenda kulia, nikamwacha. Mzee alijicheka alivyopinda mgongo. Akasema hakujua kama anatoa ulimi akipiga randa.

Ikafika sehemu ya kuziba mianya kwa pamba. Siku tuliyoirekodi, mimi na wifi, kijana anayemsaidia mzee alikuwa amelala homa. Wifi, ambaye utoto wake wote aliambiwa nyundo ya mitumbwi haishikwi na binti, aliichukua akaenda upande wa pili, akaanza kupigilia. Baba alikuwa upande wake wa mtumbwi, akisikia nyundo tu, akadhani ni kijana wake amekuja. Hakuna aliyemwambia. Na mimi wakati wa kuhariri nilikiacha kipande kile makusudi.

"Simamisha," mzee akasema. "Rudisha."

Wifi akarudisha.

"Huyo anayepiga pamba upande wa ziwa ni nani? Huyo si kijana wangu. Yule ana papara. Huyu ni fundi. Mmemtoa wapi huyu fundi?"

Niliona wifi ameshika kipanya bila kukisogeza. Mimi mlangoni nikaanza kuogopa.

"Ni mimi, baba," akasema.

Mzee hakugeuka kumtazama. Alisogeza kiti mbele, mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akaweka viganja pembeni ya jicho lake kuzuia mwanga wa dirishani.

"Uso wako siuoni vizuri," akasema. "Mikono naiona. Rudisha tena."