Mma Seitshiro na Mwalimu Wake

Mma Seitshiro alipojiunga na chuo chetu cha uuguzi, huku kwetu Botswana, alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza akipiga deki wodi ya wanaume. Tulilala chumba kimoja, sote wa mwaka wa kwanza, na nasema bila haya: najivunia kumjua.

Kila Alhamisi wanafunzi wa mwaka wa tatu hutufundisha sisi wa kwanza. Mma Seitshiro alipangiwa Gaone, binti wa miaka ishirini na mmoja, hodari wa vitabu, lakini mtihani wa vitendo ameshaanguka mara mbili. Wasahihishaji waliandika kwamba anamshika mgonjwa kama mdoli. Akianguka tena, anafungasha virago.

Siku moja somo lilikuwa kutandika kitanda chenye mgonjwa. Mdoli wa mazoezi aling'oka mkono, basi Mma Seitshiro akalala yeye. Gaone akamshika bega amgeuze. Mama akang'ang'ania chuma cha kitanda.

"Mma, geuka basi!"

"Sigeuki. Umenisalimia?"

"Lakini mimi ndiye ninayekufundisha!"

"Ndiyo, mwalimu. Na mimi ndiye mgonjwa. Miaka yote ya kupiga deki nimewasikia wazee wakilalamika nyinyi wauguzi mkishatoka: 'Wananigeuza kama gunia la mtama, hawaulizi hata wapi panauma.'"

Sisi tukaangua kicheko. Gaone akavuta kiti, akakaa. "Dumela, Mma. Nataka kukugeuza. Wapi panauma?"

Tangu hapo wakawa wanafundishana. Gaone alimwelekeza hesabu za dawa, zilizokuwa zikimliza mama wa watu. Naye kila jioni alijifanya mgonjwa kiziwi, mkali, mbishi.

Kwenye mtihani Gaone alipewa mzee aliyepasuliwa nyonga. Akamsalimia, akaomba ruhusa, akangoja. Mzee akaanza na habari za ng'ombe wake, dakika zinayoyoma, binti anasikiliza tu. Mwishowe mzee akasema, "Upande huu usiuguse, mwanangu." Gaone akamgeuzia upande wa pili. Akafaulu.

Mchana huo kwenye foleni ya chakula, ambako wa mwaka wa tatu hutangulia, Gaone alikuja nyuma kabisa, akasimama baada ya Mma Seitshiro. Wenzake wakamzomea.

"We Gaone! Umeshushwa mwaka wa kwanza?"

"Nimeshushwa," akajibu kwa sauti, "na huku ndiko nilikofaulia."