Moto wa Jioni kwenye Matete ya Mbayuwayu

Jioni ile naikumbuka kwa vidole kabla ya kichwa, mwanangu. Matete yanawaka, mbayuwayu wanatoka ndani ya moshi na moto mgongoni, wanaangukia maji kama makaa. Niliingia kuwaokoa. Nilitoka na wawili, wote wamekufa, na vidole hivi vitatu vimeshikana mpaka leo.

Moto niliuwasha mimi, Ilunga.

Nilikuwa kijana, mlinzi wa kiwanja kando ya bwawa, si mbali na La Rochelle, mtaa wa hapa Joburg nilikopanga chumba. Kila mwaka joto likianza mbayuwayu walifika, baridi ikikaribia wakaondoka. Mchana walitawanyika kula mbu na nzi. Jua likizama walirudi kulala kwenye matete, wengi mpaka mbingu inafifia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenye kiwanja, Bwana Roelof, alitaka kujenga maduka. Alikuwa ameambiwa na wakaguzi angoje ndege waondoke, na zilibaki wiki mbili tu. Akaniita.

"Ilunga, nyinyi watu wa Kongo mnajua kuchoma majani, si ndiyo? Leo jioni. Kesho asubuhi wakaguzi wanakuja, wasikute tete wala ndege."

Nikajivuna. Kwetu Katanga tunachoma kweli, kufukuza panya wakubwa wa porini. Nikaenda kujisifu kwa majirani, na Papa Kalonji, fundi cherehani, akasimamisha mashine yake.

"Mutoto weye, kwetu nani anawasha moto jioni?"

"Jioni upepo unalala, Papa."

"Na ndege je, hawalali? Unawasha asubuhi, wenyewe wametoka. Kwanza unazunguka na debe, unapiga, unaita: wenye nyumba, tokeni! Na upande mmoja unauacha wazi. Baba yako hakukufundisha?"

"Eish, Papa, hapa ni Joburg. Ndege hawalipi kodi."

Watu walicheka. Yeye aliwasha cherehani yake, hakuniangalia tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu ni zima. Vidole ndivyo vilivyolipa.

Jioni ile ile nikawasha. Asubuhi yake alikuja mama mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, aliyezoea kuwahesabu ndege wale. Kwenye majivu aliokota kijiguu chembamba kama njiti, kina pete ya chuma. Akasoma maandishi yake.

"Alivishwa akiwa kinda," akasema, "kwenye milima ya kaskazini kabisa, ambako theluji bado haijayeyuka sasa hivi. Alikuwa anajinenepesha arudi kwao kutaga."

Nikauliza wanapita wapi. Akasema wengine hupita juu ya Kongo.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoketi chini. Njia ile niliipita mimi, nakimbia bunduki, nalala kwa watu nisiowajua, na hakuna aliyenichomea kitanda.

Bwana Roelof alipoulizwa na wakaguzi alijibu, "Ni mlinzi, huyu mgeni, alikuwa anapika." Nikafukuzwa. Mwaka uliofuata mbayuwayu walikuja, wakazunguka juu ya mabati ya maduka jioni mbili, hawakuonekana tena.

Basi shika hili: mwenye mali akikupa kiberiti, uliza kwanza nani amelala ndani. Na mila ya kwenu usiitupe kwa kuwa uko mji wa watu. Mungu akupe pa kulala kila safari, na mtu wa kukupigia debe kabla ya moto.

Mimi langu nimesema. Roelof yupo, maduka yake yako pale karibu na robot, zile taa za barabarani, kila siku yanafunguliwa. Na aje mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake: nani aliagiza moto jioni?