Mchumba Aliyekuwa Sifuri

Mtu akikwambia kupiga chapa ni kazi ya vidole tu, mpe kurasa mia mbili za hesabu za Profesa, uone kama hatatafuta pa kujificha. Mwandiko wake ni kama kuku kapita na matope miguuni, na kompyuta haigusi, anadai inamvuruga akili. Aliyeweza kuusoma ni mtu mmoja tu, mpiga chapa wa idara ya hisabati, ambaye walimu walimwita Mama Vidole. Miaka ishirini na mbili kwenye kiti kile kile, juu ya mto alioushona mwenyewe. Hesabu alikomea shule ya msingi, lakini ukichapa kitu miaka yote hiyo kinakuingia, utake usitake.

Kitabu cha Profesa kilihusu uoanishaji wa theta. Mama Vidole alikuwa amejieleza mwenyewe hivi: kuna koo mbili, ukoo wa kushoto na ukoo wa kulia, na ndani yake wanakaa viumbe wa ajabu, fomu za otomofi, ambao uwageuze hivi, uwasogeze vile, sura yao ni ile ile. Theta ni mshenga. Anamchukua mmoja wa kushoto, anamtafutia mwenzake wa kulia, mmoja tu, hakuna mitala. Na kila Profesa alipofungisha ndoa, kwanza aliandika mstari wa kuthibitisha kwamba mchumba si sifuri. Maana mshenga huyu naye ana vituko, anaweza kurudi na hewa akaapa kwamba ni mtu.

Alama ya mstari huo, "si sawa na", ilikuwa adui yake. Vitufe vitatu kwa mpigo, na cha mwisho hukifikii bila kunyoosha kidole kidogo mpaka kikuume. Alishaichapa mara arobaini na moja.

Jumatatu Profesa akamletea vitu viwili. Cha kwanza ni sura ya tano, ya mwisho, iliyotakiwa kwa wachapishaji Ijumaa. Cha pili ni barua ya kwenda kwa mkuu wa kitivo, nakala tatu, ikisema idara haimhitaji tena mpiga chapa, kwa kuwa kazi yake ni kunakili tu na haihitaji akili. Alimwekea mezani bila aibu yoyote, maana hakuwahi kufikiri kwamba anayechapa huwa anasoma.

Roho ilimuuma Mama Vidole mpaka masikio yakamwaka moto. Aliichapa barua bila kosa hata moja, kwa hasira, akaigonga muhuri wa idara, akaipeleka. Kisha akaingia sura ya tano. Ukurasa wa pili ndoa ikafungwa, na kidole kidogo kimeshajinyoosha kinasubiri kuitwa, hakikuitwa. Akarudi nyuma, akatafuta pembezoni, akageuza karatasi. Mstari haupo. Profesa kafungisha ndoa bila kuhakikisha bibi harusi yupo.

Nyumbani akamweleza mumewe, fundi bomba mstaafu.

"Nyamaza zako," mume akasema. "Si kasema huna akili? Mwache aumbuke."

"Miaka kumi na moja kaitolea kazi hiyo."

"Mimi mtu akinifukuza, bomba lake likivuja natazama tu."

"Uongo. Ungerudi na spana kabla maji hayajafika sebuleni."

Mume akaongeza sauti ya redio.

Asubuhi Mama Vidole akagonga mlango wa Profesa. Mara ya mwisho kumsahihisha, tena nukta tu, alinuniwa wiki mbili.

"Profesa, sura ya tano, huyu wa kulia hukusema si sifuri."

"Ni dhahiri," Profesa akasema bila kuinua kichwa.

"Na wale arobaini na mmoja hawakuwa dhahiri?"

Hapo kichwa kikainuka. Mama Vidole akaambiwa arudi kwenye vitufe vyake, akarudi amevimba. Lakini saa nzima hakikusikika kitu kutoka chumba kile, hata kikohozi.

Alhamisi Profesa akatokea na shati la juzi, chaki mpaka kwenye nyusi, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Ni sifuri," akasema. "Hana mwenzake. Ningechekwa dunia nzima."

Mama Vidole alijikuta anamhurumia yule wa kushoto. "Kwa hiyo ndiyo basi tena, anabaki peke yake?"

"Hapana. Ukoo wa kulia una ghorofa. Asipompata hapa, unapanda, na huko juu lazima atampata. Nimempata ghorofa moja tu juu." Akamkabidhi kurasa sita mpya. Akakohoa. "Mama, ile barua, usiichape."

"Nimeshaipeleka. Jumatatu, nakala tatu."

Profesa akatoka mbio, akarudi anahema. Mkuu amekataa, barua iliyogongwa muhuri haifutwi ila kwa barua nyingine. Akasimama nyuma ya kiti, akaanza kutamka. "Mpiga chapa wa idara anahitajika."

"Sana," Mama Vidole akasema, vidole vimesimama.

"Sana imezidi, mama. Hii ni barua ya ofisi."

Mama Vidole akainuka, akamsogezea kiti. "Basi chapa mwenyewe."

Profesa akakaa. Akaitafuta herufi M kibodi nzima, hakuiona. Akainuka.

"Weka sana."

"Na pale pa akili?"

Profesa akajifuta chaki kwenye nyusi. "Andika kwamba kazi yake inahitaji akili," akasema polepole, "ambayo mimi Jumatatu sikuwa nayo."

Mama Vidole akaichapa neno kwa neno, machozi yakimlengalenga, na safari hii yeye ndiye aliyekosea herufi.