Hitilafu za Mwalimu

Kila asubuhi mwalimu wetu wa umeme wa ndege hutangulia karakanani, hupanda ile ndege kuukuu isiyoruka tena, hulegeza waya mmoja kwa siri, kisha hushuka kashika kiuno. Sisi wanafunzi tunautafuta kutwa, naye anapiga miayo ngazini. Tukikisia, hutufokea kwa sauti iliyochoka: "Ramli kapigeni kwenu, wanangu. Hapa tunapima."

Leo mshale wa mafuta uligoma, tukaufuata waya wake mpaka ndani ya bawa, tukakuta umeliwa na kutu. Mwalimu alivua miwani, akauangalia kwa muda mrefu.

"Huu sikuugusa," alisema. Akapapasa ubavu wa ndege kama anayemjulia hali mgonjwa. "Pole, mzee mwenzangu. Na wewe umeanza."