Chupa za Monosite Tumboni

Siku hizi nafanya kazi mahali ambapo umeme haukatiki. Lakini labo ninayoikumbuka sana ni ile ya Goma, chumba chenye dirisha moja, vumbi jeusi la volkano kwenye kizingiti, na harufu ya hamira tuliyoichemsha kila asubuhi.

Hamira ilikuwa chakula cha monosite. Hizi ni seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kuonyesha kama zinameza vizuri. Unatenganisha damu, unaziweka seli kwenye chupa ndogo bapa za kioo katika joto la mwili kwa muda wa saa moja, monosite zinagandamana na kioo, nyingine unaziosha zitoke. Kisha unazipa hamira iliyokufa, unatazama kwa darubini.

Vita vilikuwa vimefika karibu. Watu walikuwa wanashuka kutoka Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, na magodoro kichwani. Profesa aliyenisimamia alikuwa na tikiti ya boti ya Bukavu ya kesho yake, na dawa nzito ya kutenganishia damu ilibaki ya mara moja tu. Kazi isipofaulu siku ile, sina diploma. Waliokubali kutoa damu hawakuja, kwa hiyo nilitoa yangu. Nikaanza kuwaza: nimekosa usingizi wiki nzima, je, seli za mtu mwoga nazo zinaogopa?

Tulipomaliza kuzungusha damu kwenye mashine na kujaza chupa, umeme ukakatika. Jenereta haikuwa na mafuta ya mazutu. Sanduku la joto lenye chupa likaanza kupoa, nami nikakaa mbele yake nikilipapasa kama mgonjwa.

Mwenzangu wa labo, binti wa Butembo ambaye mama yake alikuwa mkunga, alinigeukia.

"Kwa maternité, couveuse ya kupasha batoto joto ikizimika, mutoto banamuweka wapi?"

"Kifuani kwa mama."

"Basi. Lala."

"Mimi?"

"Ni damu ya nani?"

Nililala chali juu ya meza. Akapanga zile chupa ndogo bapa juu ya tumbo langu, akafunika kwa kitenge chake, na koti langu juu. Nikamwambia kwamba nikipumua zitatikisika, hazitashika.

"Pumua kidogo."

Sentineli, mlinzi wa chuo, akachungulia mlangoni. "Huyu amepata nini?"

"Amezaa," akasema mwenzangu. "Muzee, usimuchekeshe, ataua batoto."

"Pole sana, mama," sentineli akaniambia kwa heshima zote, akaenda zake. Niliuma mdomo mpaka machozi yakanitoka. Kwa mbali mizinga ilikuwa inalia, na mimi nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Saa ilipotimia alizichukua, akasafisha, akaweka hamira, akazirudisha tumboni. Baadaye alipeleka chupa moja kwenye darubini iliyotumia mwanga wa dirisha. Mimi sikuweza kutazama.

"Zinakula," akasema. "Zinakula kukupita wewe."

Profesa alikuja, akainama juu ya darubini muda mrefu.

"Ulizitunza wapi?"

"Tumboni, Profesa."

"Digrii ngapi?"

Hakuna aliyekumbuka kupima. Kazi nzima, na hatukuwa na joto la kuandika.

Profesa alifungua droo, akatoa kipimajoto. "Lala tena. Chupa pia, kama zilivyokuwa."

Nikalala. Mwenzangu akapanga chupa, akachomeka kipimajoto katikati yake, akafunika kitenge vilevile, mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Tulisubiri wote watatu. Kisha profesa akachomoa kipimajoto, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Inatosha," akasema. "Andika hivyohivyo. Joto la tumbo."

Akaondoka kufunga mizigo yake. Mwenzangu aliniambia niamke, anataka kitenge chake. Nilimwomba aniache kidogo na chupa zangu.