Mama Pasi akiwa likizo, nyumba nzima huvaa mikunjo

Mtu ambaye kazi yake ni kuandaa starehe za wengine, akipata siku zake mwenyewe za kupumzika, azipeleke wapi? Swali hilo ndilo lililotufikisha katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na asubuhi hii hakuna mwenye jibu lake, hata mhusika mwenyewe.

Ni saa nne. Nje jua ndiyo kwanza linaanza kuuma, lakini ndani ya chumba hiki kisicho na dirisha, joto limelitangulia zamani. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, kitambaa kichwani na taulo ndogo shingoni, anashika pembe mbili za shuka lililolowa. Mwenzake anashika mbili nyingine. Wanalivuta kwa pamoja, linalia kama kofi, kisha wanalilisha kwenye mashine ya rola inayofuka mvuke. Upande wa pili shuka linatoka kavu, limenyooka, na lina moto wa kubabua vidole.

"Leo mikono yako ina haraka," mwenzake anamtania. "Mwenye likizo utamjua kwa mikono."

"Acha nimalize rundo hili, dada. Likizo yenyewe bado sijajua naipeleka wapi."

"Si uende hotelini!" anadakia mwingine kutoka kwenye mashine za kufulia, na chumba kizima kinaangua kicheko. Mama huyo anacheka nao, akimtupia mdakiaji taulo lenye maji.

Kicheko hicho kina asili yake, nayo tutaifikia.

Hapa kazini wote humwita Mama Pasi. Amesimama mbele ya rola hii kwa miaka kumi na saba. Kuanzia vifundo vya mikono hadi karibu na viwiko ana alama za kuungua, nyingine nyeusi na za zamani, nyingine mbichi bado. Kwa zamu moja, yeye na mwenzake hupitisha mashuka yasiyopungua mia tatu. Mshahara wake wa mwezi hautoshi kulipia wiki moja katika chumba cha kawaida cha hoteli hiyohiyo. Anapoulizwa kuhusu jambo hilo, hajibu kwa uchungu.

"Mwoka mikate hali mikate yote anayooka," anasema. "Angekula yote angepasuka."

Kwa kuwa ni wa siku nyingi kazini, anaruhusiwa kuchagua wakati wa likizo yake ya siku kumi na nne. Wenzake wengi huchagua sikukuu. Yeye kila mwaka huchagua kilele cha msimu wa joto, wakati ambapo rola haivumiliki. Siku hizo, mpaka mwaka juzi, alizimaliza zote nyumbani kwake.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na ukumbi mdogo. Nyuma kuna ua wa saruji, bomba la maji, karo la kufulia, na ukuta unaoanza kutoa kivuli alasiri. Mama Pasi anaishi hapo na mumewe, ambaye ni fundi wa baiskeli, mama mkwe wake, na mabinti wawili: mkubwa ni karani katika ofisi ya bima, mdogo bado yuko shule ya msingi.

Kuanzia asubuhi ya zamu ya mwisho kabla ya likizo, sheria ya nyumba hubadilika. Pasi hufungwa waya wake, ikapandishwa juu ya kabati, na haishuki mpaka likizo iishe. Hakuna anayepiga pasi, na hakuna anayesamehewa. Kila mmoja huvaa nguo yake ilivyotoka kambani.

"Mimi sihitaji kumtangazia mtu," anasema fundi baiskeli, akilinyoosha kwa kiganja shati lisilonyooka. "Nikipita barabarani, majirani wanatazama mgongo wangu, wanauliza, 'Kumbe mama watoto kaanza likizo?'"

Bintiye mkubwa ndiye pekee aliyewahi kuvunja sheria. Alikamatwa kwa jirani, blauzi ya kazini ikiwa juu ya meza na pasi mkononi. Baraza la familia lilimhukumu kuosha vyombo siku tatu. Bibi, yaani mama mkwe, ndiye aliyekuwa hakimu.

"Nilimhurumia," anasema bibi. "Alistahili wiki."

Leo, zamu hiyo ya mwisho ikiwa imekwisha, Mama Pasi anaingia uani saa tisa alasiri na kuvua viatu kabla hajamsalimia mtu. Anamwamkia mama mkwe wake, anaitikiwa, kisha anaanza kazi ambayo mwenyewe haiiti kazi. Analowesha shuka kuukuu kwenye karo, analikamua kidogo tu, na kulitundika mlangoni. Upepo mkavu unaotoka barabarani unapita kwenye shuka hilo na kuingia ukumbini ukiwa umepoa. Hilo ndilo shuka pekee analolishika akiwa likizo, na huhakikisha kwamba limekunjamana.

Binti mdogo anajaza maji mabeseni matatu na kuyapanga kando ya mkeka, chini ya kivuli cha ukuta. Tikiti maji limelala ndani ya ndoo tangu asubuhi. Fundi baiskeli anarudi, anapanga vizibo vya soda kwenye ubao wa drafti, anatumbukiza miguu ndani ya beseni na kutoa mguno mrefu.

"Baba kafika," anasema binti mdogo.

"Kafika na mashati mawili," anasema bibi, akimtazama mwanawe. "Moja kavaa, jingine ni mikunjo tu. Hebu sogea hapa tulinganishe. Shati lako na uso wangu, nani kamzidi nani?"

"Mama, hapo nimeshindwa hata kabla ya kuanza."

"Ushindwe tena kwenye mbegu."

Mchezo wa mbegu ndio mashindano makubwa ya nyumba hii. Kila anayekula kipande cha tikiti hutema mbegu kuelekea ukutani, na ya mbali zaidi hushinda. Bibi hajashindwa kwa miaka mitatu. Wajukuu wanadai kwamba pengo lake la meno ya mbele linampa nafasi wasiyokuwa nayo wengine. Yeye hakani.

"Ninyi mna meno, mimi nina bunduki," anasema, na mbegu yake inagonga ukuta.

Mtu angeweza kuutazama ua huu na kuona tu vitu ambavyo familia imevikosa: hakuna kiyoyozi, hakuna bwawa, hakuna bustani. Hivyo ndivyo binti mkubwa alivyouona kwa muda mrefu, na hakuuona hivyo kwa dharau. Aliuona hivyo kwa upendo. Mwaka jana, alipopata kazi ya kudumu, aliwalipia wazazi wake siku tatu katika hoteli ya mji mwingine.

Kilichotokea huko ndicho kinachowachekesha wafuaji mpaka leo. Asubuhi ya kwanza, Mama Pasi aliamka na, bila kufikiri, akafanya alichozoea. Alivua mashuka yote kitandani, akavua foronya, akazikunja ndani ya shuka moja, akafunga fundo na kuliweka bunda nje ya mlango. Kisha yeye na mumewe wakashuka kunywa chai.

"Wahudumu wakaona bunda, wakajua wageni wameondoka," anasimulia mumewe. "Sisi tuko chini tunaongeza mkate. Kupanda, nafungua mlango, namkuta bwana mmoja kakaa kitandani na fulana ya ndani, anakata kucha."

"Ukafanyaje?" anauliza binti mdogo, ambaye amekwisha kuisikia hadithi hii mara nyingi.

"Ningefanyaje? Nilimwambia shikamoo, nikarudi kinyumenyume."

Begi lao lilipatikana mapokezi, likiwa na karatasi iliyoandikwa: vitu vilivyosahauliwa. Hoteli iliomba radhi na kuwapa chumba kingine, lakini Mama Pasi anasema hakupata usingizi ndani ya chumba hicho pia. Kila alipogeuka, alihisi mikunjo ya shuka mgongoni na kumfikiria mwanamke aliyelipitisha kwenye rola.

"Nililala juu ya jasho la mtu ninayemjua bila kumjua," anasema. "Hata kucheka nilicheka kwa kipimo, nisije nikasikika chumba cha pili. Lakini sikumwambia mtoto. Nilimwambia ilikuwa nzuri sana."

Uongo huo mdogo ndio uliozaa tatizo la mwaka huu. Kwa kuamini kwamba mama yake alifurahi, binti mkubwa ameweka nafasi katika hoteli kubwa zaidi, vyumba vitatu, familia nzima, siku nne. Hoteli inataka uthibitisho kesho asubuhi. Na kuna jambo jingine lililo zito kuliko hoteli. Mara tu likizo ya mama itakapoisha, binti atahamia tawi la mbali la ofisi yake, safari ya siku mbili kwa basi. Hizi ndizo siku za mwisho za familia kuwa pamoja chini ya paa moja.

"Nikikubali, nitakuwa nimezipoteza siku hizo," anasema Mama Pasi kwa sauti ya chini. "Nikikataa, nitamvunja moyo, aondoke na kinyongo. Mtoto akikunyooshea mkono wenye zawadi, unausukumaje?"

"Mwambie ukweli," anasema mumewe bila kuinua macho kwenye drafti.

"Mwambie wewe."

"Mimi nimeshaaibika hotelini mara moja, inatosha."

Binti anafika jua likiwa limeegemea paa la jirani. Amevaa blauzi yenye mikunjo kama sheria inavyotaka, na mkononi ana simu yenye picha za hoteli. Anamwamkia bibi, anawaamkia wazazi, na hata kabla ya kukaa anamwonyesha mama yake bwawa la kuogelea.

"Tazama, mama. Na kiamsha kinywa wanakuletea chumbani. Huinuki."

"Naona, mwanangu. Pazuri."

"Basi niwathibitishie?"

Mama Pasi anachovya mkono ndani ya beseni na kujipaka maji usoni. Mumewe anaacha kusogeza vizibo.

"Mwaka jana sikulala," anasema hatimaye. "Siku zote tatu."

Binti anamtazama baba yake, kisha bibi. "Ulisema ilikuwa nzuri."

"Nilisema."

"Kwa hiyo mlijua wote isipokuwa mimi?"

"Mimi sikuulizwa," anasema bibi.

"Bibi, si sasa, tafadhali." Anaweka simu chini. "Mama, mimi nikiwa darasa la nne ulirudi na mkono wote umefungwa bandeji. Ukanisuka nywele kwa mkono mmoja na meno. Siku ile niliapa, siku moja mtu mwingine atakutandikia wewe. Sasa ninaweza, halafu unaniambia hutaki?"

"Kiapo chako kilikuwa kizuri. Ila hukuniuliza ni kitu gani kinachonipumzisha."

"Beseni la maji, mama? Kweli? Nikiulizwa nilikuaga vipi, niseme nilikukalisha kwenye beseni?"

"Sema ulishindwa na bibi yako kutema mbegu," anasema bibi. "Huo ni ukweli na hauna gharama."

Binti anajaribu kubaki na hasira, lakini pembe za mdomo zinamsaliti. Anakaa ukingoni mwa mkeka, bado amevaa viatu.

Mama anamsogelea. "Kule kila mtu anafungiwa chumba chake. Unaenda mbali, mama yangu. Nikitaka kukuona nikuone wapi, kwenye lifti? Hapa nikinyoosha mguu nakugusa. Nasikia unavyogombana na mdogo wako. Nasikia baba yako anavyodanganya kwenye drafti."

"Sidanganyi," anasema fundi baiskeli.

"Unadanganya, baba," mabinti wote wawili wanamjibu kwa pamoja.

Binti mkubwa anavua viatu. Haingizi miguu majini mara moja. Kwanza anauliza, taratibu, kama mtu anayehitaji kuwa na hakika: "Si kwa sababu ya fedha? Usinionee huruma. Niambie kweli safari hii."

"Si fedha. Ungepewa bure ningekujibu hivi hivi."

Ndipo Mama Pasi anaposimama, anajifuta mikono kwa upande wa gauni, na kusubiri mpaka mumewe, mama mkwe wake na mabinti wake wote wawili wamtazame.

"Nisikilizeni wote, nisirudie," anasema. "Mwanangu, nakushukuru, na nilikosea kukuficha. Lakini hotelini siendi. Kesho asubuhi wapigie simu, waambie vyumba wawape wengine. Likizo yangu yote naikaa hapa uani, na ninakutaka wewe hapa, kila jioni, mpaka siku utakayoondoka."