Mguu wa Jirani

Wiki iliyopita nilirudi kwetu Kisondela kwa ziara ya jimbo. Rafiki yangu, tangu nitoke huko sina raha. Gari lilipokata kona ya juu, kabla hata sijaiona migomba ya bibi yangu, iliniingia puani ile harufu ya moshi wa kuni mbichi na mvua. Hapo hapo nikawa mtoto, suti mwilini na yote.

Unaijua mvua yetu, haina haya wala ratiba. Tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, tumebanana kwenye mafiga huku nguo zikitukaukia mwilini. Nikitoka shule nilikuwa na kazi zangu: kuokota maparachichi yaliyoanguka kabla nguruwe hawajayawahi, kuteka maji, halafu ile kazi ambayo wenzangu walinichekea, kumwosha jirani mguu.

Jirani yetu huyo alikuwa mama aliyeishi peke yake. Juu ya kifundo cha mguu alikuwa na kidonda sugu, kikifunga msimu huu, msimu ujao kinafumuka. Bibi alinipa birika la maji ya chumvi ya uvuguvugu na vitambaa vya khanga kuukuu alivyovichemsha, akasema, "Nenda. Kidonda cha jirani hakina likizo." Siku ya kwanza nilijiziba pua. Jirani akanizaba kofi la bega: "Gwe mwana! Pua yako imeumbwa kwa sukari?" We mtoto, ndivyo alivyoniita, kwa Kinyakyusa chake. Nikacheka, nikaendelea.

Mama yule alikuwa na mdomo, jamani! Alinitania tangu nachutama mpaka nanyanyuka: masikio yangu makubwa, kaptula yangu iliyotoboka, maksi zangu za hesabu. Nikimaliza kufunga fundo la kitambaa ananiuliza, "Na kesho?" Nami najibu, "Na kesho." Bila jibu hilo siondoki, wala ndizi yangu ya kuchoma siipati.

Udaktari wangu ulianzia pale, chuoni nilikwenda kuumalizia tu. Nilipoanza kazi hospitalini, jirani alikuja akapanga foleni kama wengine, akawatangazia wagonjwa wote kwamba daktari huyu kafundishwa na yeye, kwa mguu wake mwenyewe. Nilikiuguza kile kidonda mpaka kikafunga. Siku ile alicheza ngoma koridoni, manesi wakamshangilia.

Halafu wazee wakanifuata nyumbani kwangu mjini, Bulyaga. "Daktari," wakasema, "unatutibu mmoja mmoja, utatumaliza lini? Nenda bungeni ukatutibu wote kwa mpigo." Asikwambie mtu, maneno kama hayo ni matamu. Nikavua koti jeupe. Sikwenda kusinzia, barabara nimezipigania, dawa nimezisemea mpaka sauti ikakauka. Ila kuna neno moja la kazi nililojifunza huko. Mtu akisimama mkutanoni na shida yake, unamtazama machoni, unaitikia kwa kichwa, unasema, "Nimelichukua." Anapiga makofi, anakaa. Umelichukua ukalipeleka wapi, hayo ni mengine.

Basi, mkutano wa wiki iliyopita ulipoisha nikashuka kwa miguu na msaidizi wangu mpaka kwa jirani. Nilimkuta barazani, amezeeka, amekuwa mdogo. Aliponiona akahangaika kuinuka, akamtuma mjukuu alete kiti cha plastiki, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake. Yeye akarudi kwenye kigoda. "Mugonile, Mheshimiwa," akasema. Enzi zile alinisalimia "Ugonile," salamu ya mtu mmoja. Hii nyingine ni ya watu wengi, au ya mkubwa. Hakunitania hata kidogo. Nilikaa kwenye kiti kile kama mgeni wa msibani.

Kisha upepo ukageuka, nikaisikia harufu. Ukishaijua huisahau.

"Mama, mguu umefumuka?"

Akavuta kitenge mpaka vidoleni. "Hapana, Mheshimiwa. Uzee tu. Msije mkachafuka."

Alikuwa anaona haya. Yeye! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana aibu ile ilikuwa yangu, na aliyeibeba ni yeye.

Nikaomba maji ya uvuguvugu na chumvi. Msaidizi wangu akakohoa. Kijiji cha pili, Matwebe, watu walikuwa wanatusubiri mkutanoni. Nikavua koti, nikachutama. Jirani alikishikilia kitenge kwa mikono miwili, hataki, mpaka nilipomwambia, "Mama, pua yangu haikuumbwa kwa sukari." Ndipo akaachia.

Kidonda kilikuwa kimechimba, kingo zimekuwa nyeusi. Nikamwambia ukweli: mguu huu usiposafishwa kila siku, utakatwa. Nikamsihi aende hospitali. Akatikisa kichwa. Alikwenda mara moja, akamkuta daktari kijana, mpole tu, lakini mgeni kwake, akarudi bila kuufunua. "Wa kunishika mguu nilikuwa naye mmoja," akasema, bila lawama yoyote. Vidole vyangu vilikuwa vimekuwa vizito, nikamuumiza. Zamani ningekula kofi.

Kutoka pale barazani nilipaona kwetu. Nyumba ya bibi imelala, mafiga yameota majani, mparachichi umekatwa. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuvililia vitu hivyo, kama kila mtu anavyolilia utoto wake. Sikuvililia.

Nilipokaza fundo, jirani akanitazama kwa yale macho yake ya zamani.

"Gwe mwana," akasema polepole. "Na kesho?"

Kesho yake nilitakiwa Dodoma. Nikafungua mdomo nimjibu, na neno likatoka lenyewe, Mungu anisamehe, kabla sijalizuia: "Nimelichukua, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akashusha kitenge chake taratibu, akakiweka sawa, akapiga makofi.